Mstari Aliouruka Shomari

Jumapili, 5 Machi 1950

Naanza daftari hili nikiwa na hasira, na sioni aibu kusema hivyo. Nimelipata dukani Kisarawe kwa kubadilishana na mkeka mmoja wa kulalia, pamoja na penseli mbili. Asiyependa nitakayoyaandika na asisome.

Jana Mwalimu Adamu alikuja barazani kwa jumbe. Watu walijaa. Akatuambia shule imeongezewa chumba, kwa hiyo baada ya masika ataandika watoto wapya wa darasa la kwanza, na Bwana Mkaguzi atakuja tarehe thelathini na moja Mei kutazama majina. Wanaume wakaanza kutaja watoto wao wa kiume. Mimi nikauliza kutoka nyuma, "Na wa kike?"

Baraza zima likageuka, utadhani mbuzi kasema.

Mwalimu ni kijana mtanashati, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Akacheka. "Bi Mwanahalima, wavulana wenyewe wananitoa jasho mwaka mzima kwenye ba be bi bo bu. Mtoto wa kike wa huku hata mstari mmoja hawezi. Siku ya mkaguzi niletee msichana mmoja asome mstari mmoja asiowahi kuuona, nitamwandika kwa mkono wangu huu."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni shemeji yangu Mwinjuma, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya mwanangu.

"Umesema mbele ya watu," nikamwambia Mwalimu.

"Nimesema."

Haya. Mwanangu Biubwa ana miaka saba. Zimebaki wiki kumi na mbili na siku tatu.

Jumatatu, 6 Machi

Joto. Mvua bado. Bado nina hasira.

Jumatano, 8 Machi

Nieleze mimi mwenyewe nilivyojua kusoma, asije mtu akasema nimepewa na jini.

Mume wangu Matano alikwenda vitani mwaka wa arobaini na mbili, akaniacha na mimba ya Biubwa. Aliniandikia barua sita, mbili kutoka kisiwa cha Bukini na nne kutoka Bama, mbali kupita Bara Hindi. Hapa kwetu msomaji wa barua alikuwa mmoja tu, Mzee Shomari, aliyewahi kuwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Kila barua ikija nilimpelekea na kuku. Tunakaa wote, mimi, wakwe, shemeji Mwinjuma, naye anasoma kwa sauti ya kuvuta. Barua sita, kuku sita.

Mwaka wa arobaini na nne ikaja habari ya kifo. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani, sina kazi ila kusuka ukili, mikanda inayoshonwa kuwa mkeka, na kuzitazama zile barua. Zote zilianza namna moja, kama barua za watu wote: *Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, sijui wewe hapo nyumbani.* Maneno hayo nilikuwa nayo moyoni tayari. Siku moja nikaweka kidole kwenye neno la kwanza, nikasema, salamu. Nikafungua barua ya pili, neno lilelile, sura ileile. Mimi ni msukaji. Nikiliona ua la mkeka mara moja, nalijua hata kwenye mkeka wa watu. Ba wala be sikuijua; nilijua sura. NA nilihesabu imekuja mara arobaini na tatu. MIMI mara ishirini. Nilipoyajua yale yanayokuja kila mara, yaliyobaki yalikuwa machache, nikayabana mpaka yakasema.

Ndipo katika barua ya pili nikakuta mstari ambao sikuwahi kuusikia. Nauandika hapa kama ulivyo: *Na huyo mtoto, wa kiume au wa kike, mimi nataka asome.*

Shomari hakuusoma. Naikumbuka siku ile. Alifika pale, akakohoa, akamtupia jicho Mwinjuma, akaendelea na salamu kwa shangazi. Shomari si mzaliwa wa hapa; muhogo anaolima uko kwenye shamba la kina Mwinjuma.

Miaka sita sijamwambia mtu. Nani angeniamini, mwanamke aliyejifunzia kusoma edani, dhidi ya karani? Kila asubuhi Shomari nampa shikamoo yake na moyoni namchukia.

Jumapili, 12 Machi

Nimeanza mkeka. Si wa kulalia wala wa kuswalia, ni wa maneno. Kila ukili una neno lake moja, nimelisuka kwa ukindu, majani ya mkindu, uliotiwa rangi: NA zambarau, NI kijani, KWA nyekundu, MIMI manjano. Nimechagua yale thelathini yaliyojaa kwenye barua za Matano. Mtoto akiyajua hayo thelathini, nusu ya barua yoyote anayo mkononi.

Jirani yangu Zubeda kaja na binti yake Swaumu. "Mwenzangu," kasema, "wangu mzito wa kichwa, lakini mweke hapo hapo." Wamekuwa watano, wote wa kike, mkubwa ana miaka minane.

Ijumaa, 17 Machi

Mvua ya kwanza. Tumepanda.

Jumanne, 21 Machi

Wanajua maneno tisa! Nimetandika mkeka uani, nikiita neno wanarukia juu yake. "KWA!" wanaruka. "HAPA!" wanaruka. Swaumu, yule mzito wa kichwa, hakukosa hata moja. Zubeda alisimama mlangoni na unga mikononi, akasahau kupika.

Mwalimu Adamu alipita na baiskeli yake, akatazama, akatikisa kichwa. Tikisa, baba. Kichwa ni chako.

Jumapili, 26 Machi

Leo nimegombana na Sheikh Mwishehe, mwalimu wa chuo cha Kurani, na sikutegemea jinsi ilivyokwisha.

Alikuja baada ya adhuhuri na bakora yake. Watoto walikuwa juu ya mkeka wanaruka. Akasimama. "Binti Mwinyimadi," akaniita kwa jina la baba yangu, "maandishi hayakanyagwi."

"Sheikh, shikamoo. Hizi ni herufi za Kizungu. Hakuna Kurani hapo."

"Marahaba. Leo za Kizungu. Kesho aliyezoea kukanyaga atakanyaga juzuu."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kwamba wanaume wa kijiji hiki kila siku wanapata sababu mpya, jana ni ba be bi bo bu, leo ni miguu, kesho watasema watoto wangu wanapumua vibaya. Nilisema mengi. Yeye akangoja nimalize. Halafu akauliza polepole, "Barua za marehemu unaziweka wapi?"

"Kwenye kasha, ndani ya kitambaa."

"Ungezitandika chini, watu wakapita juu yake?"

Mtu asiye na jibu afadhali afanye kazi, kwa hiyo nikauchukua mkeka nikautundika ukutani kibarazani, na Sheikh mwenyewe akanishikia upande mmoja. Akautazama kitambo. "NA," akasema, akigusa ukili wa zambarau. Kumbe alikuwa anatusikiliza kutoka chuoni siku zote hizi.

Nilidhani kaja kunizuia. Alikuja kunisahihisha tu, na alikuwa na haki. Inaniuma kuandika hivyo lakini nimeandika.

Jumapili, 2 Aprili

Shemeji Mwinjuma kaja asubuhi, hata uji hakungoja.

"Shemeji, mambo haya yaishe. Mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume barua."

"Wewe shemeji hujui kuandika, na umeoa mara nne. Hao wake zako uliwapata kwa barua gani?"

Zubeda alikuwa nyuma ya ua wa makuti, nikasikia anakaba kicheko. Mwinjuma hakucheka. Alisema miaka michache ijayo Biubwa atakuwa mwali, atawekwa ndani, kusoma kutamsaidia nini huko? Kisha akatoa lililomleta: dada yake aliyeko Kongowe amejifungua na anataka mtoto wa kumlelea. Masika yakiisha, mabonde yakipitika, atampeleka Biubwa. "Huyu ni damu ya kaka yangu. Mimi ndiye nasema."

"Akiwa ameandikwa shule?"

"Thubutu! Akiandikwa shule, mimi nitavaa kanga."

Nikamwambia aanze kuchagua rangi.

Alipoondoka nikakaa chini. Nilikataa kurithiwa na mtu huyu, nikakataa kurudi kwetu, nimebaki katika nyumba ya Matano kwa ukaidi tu. Akimchukua Biubwa sina cha kubakia.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 7 Aprili

Mvua. Bonde la chini limejaa, hakuna anayepita. Nyesha, mama, nyesha!

Jumatano, 12 Aprili

Mvua. Maneno ishirini na mawili.

Jumanne, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi. Usiku wa jana dhoruba imepeperusha makuti ya kibarazani, na maji yakapita juu ya mkeka mpaka asubuhi. Rangi zote zimetiririka. Kijani kimeingia nyekundu, nyekundu imeingia manjano, zambarau imekunywa vyote. Mkeka mzima umekuwa na rangi ya mdomo wa mtoto aliyekula zambarau.

Si hilo lililonivunja. Maneno bado yalionekana, nilikuwa nimeyasuka yakasukika. Nikawaweka watoto mbele yake nikasema, haya, hili neno gani? Wakatazamana. Swaumu akasema, "Bibi, NA ni ya zambarau. Sasa zote ni zambarau." Nikageuza mkeka upande wa juu uwe chini. Ndiyo wakapotea kabisa. Hata Biubwa alitafuta KWA pale pembeni alipoizoea, akasoma "kwa" mahali penye SANA.

Hawakujua neno hata moja! Wiki tano walikuwa wananisomea rangi na pembe za mkeka!

Nikamfokea Biubwa. Nikamwambia amenidanganya. Akalia, akasema, "Mama, wewe ndiye uliyeweka rangi."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Mtoto wa miaka saba kasema kweli na mimi nimemfokea kwa upumbavu wangu. Rangi niliziweka ili mkeka upendeze, ili watu wakipita waseme Mwanahalima kiboko. Nilikuwa nasuka sifa zangu. Nimelia, naandika hapa kwamba nimelia, na sasa nimemaliza kulia.

Jumatano, 19 Aprili

Nimeufumua. Nimekata uzi wa kushonea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kili zote zikalala chini kila moja peke yake. Nimewaambia watoto tunaanza upya, na Biubwa nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Zubeda akasema mtu mzima hamwombi mtoto radhi. Nikamwambia basi watu wazima wote waje wajifunze kwangu.

Ukindu sasa hautiwi rangi. Neno ni jeusi tu, kwa masizi ya chungu, na kila neno naliandaa mara tatu: kwenye ukili, kwenye kigae kwa mkaa, na kwenye mchanga wa jikoni kwa kidole. Hakuna neno lenye kwake. Leo HUYO iko mlangoni, kesho iko kwenye mtungi wa maji. Mtoto akitaka maji ataje kwanza lililomkalia mbele.

Jumamosi, 22 Aprili

Maneno sita. Lakini ni sita kweli.

Alhamisi, 27 Aprili

Mvua. Kumi na moja. Swaumu kalala na njaa ya makusudi kwa sababu hakulijua neno lililokuwa juu ya sufuria, na hakutaka kuambiwa. Zubeda kaja kunigombeza, kisha tukacheka wote wawili.

Jumapili, 30 Aprili

Mzee Shomari alipita akijifunika jani la mgomba, mvua ikamzidi, akajibanza kibarazani kwangu. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Watoto walikuwa wanapanga kili chini kwenye jamvi safi, wamekaa pembeni, hawakanyagi. Biubwa akapanga: MIMI NI MTOTO WAKO. Hakuambiwa na mtu. Shomari akasoma kwa midomo bila sauti.

"Wewe ulijifunza wapi, Bi Mwanahalima? Sijawahi kukuuliza."

"Edani."

"Kwa kitabu gani?"

"Kwa barua za Matano."

Akatazama mvua. "Zote sita?"

"Zote sita, mzee wangu. Mstari kwa mstari."

Mvua ilikuwa bado inapiga kwa nguvu. Akainuka, akatoka humohumo, jani la mgomba kaliacha kwangu.

Jumatano, 10 Mei

Mvua kidogo. Ishirini na nne.

Jumatatu, 15 Mei

Jua. Sipendi jua hili.

Alhamisi, 18 Mei

Watu wameanza kupita bondeni, maji ya magotini. Kwenye kizingiti changu nimekuta mzigo wa ukindu, umechanwa na kukaushwa vizuri, hakuna aliyesema ni wake. Nyuma ya nyumba ya Shomari ndiko kwenye mikindu. Nimeutumia, lakini sijashukuru.

Jumamosi, 27 Mei

Shemeji Mwinjuma kaja na kikapu cha safari. "Kesho kutwa naondoka na Biubwa. Njia imefunguka."

"Mkaguzi anakuja Jumatano, shemeji. Siku mbili tu mbele."

"Ndiyo maana naondoka Jumatatu."

Ameipangia, mnaona? Nilitamani kumpiga na mwiko. Nikavaa baibui nikaenda chuoni moja kwa moja, nikamwambia Sheikh Mwishehe kila kitu, hata ule mstari wa barua. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Nilisema nikiwa nimesimama, sikukaa.

Alifikiri, akachezea tasbihi yake. "Biubwa yuko kwenye juzuu ya Amma, hajamaliza," akasema. "Mtoto haondolewi chuoni kabla ya kuhitimisha. Ndivyo tunavyofanya hapa tangu baba zetu. Mwinjuma aje aniulize mimi."

"Amebakiza kiasi gani?"

"Kiasi cha kufika Jumatano."

Mwinjuma alikwenda kumuuliza. Alirudi anapiga mateke kuku.

Jumatano, 31 Mei

Nitaandika yote, hata penseli ikiisha.

Tulifika shuleni mapema, mimi na watoto watano, wameoga, wamepakwa mafuta ya nazi. Uwanja ulijaa. Bwana Mkaguzi ni mtu mzima wa makamo, mgeni wa pande hizi, kofia mkononi, hasemi sana. Mwalimu Adamu alimweleza habari ya ahadi yake kama mtu anayesimulia mzaha. Mkaguzi hakucheka. Akasema, "Basi waje."

Mwalimu akafungua kitabu cha darasa la kwanza, akamwekea Biubwa kidole. Biubwa akasoma pale pale: "Huyu ni baba. Baba yuko hapa." Nikasikia Zubeda anapiga kigelegele nyuma yangu.

"Ngoja!" Mwalimu akainua mkono. "Mstari huo wavulana wangu wanauimba kutwa, unasikika mpaka kisimani. Hata kasuku angeusema. Nilisema asioujua."

Nami, wallahi, nikaona ana haki, kwa sababu nilijua rangi na pembe zilivyonidanganya. Lakini sikukaa. "Lete usioimbwa."

"Kitabu changu ni kimoja, bibi, na chote kinaimbwa."

Watu wakaanza kucheka tena. Mwinjuma akashika kikapu chake. Hapo nikatoa kitambaa kifuani, nikakifungua, nikampa Mkaguzi barua ya pili. "Hii ni barua ya mume wangu. Mtoto huyu hajaiona hata siku moja, maana nimeifungia miaka yote. Kuna mstari humo ambao hakuna mtu hapa aliyewahi kuusikia."

"Uwongo!" Mwinjuma akaruka. "Barua hiyo ilisomwa mbele yangu. Nilikuwapo. Shomari aliisoma!"

Shomari alikuwa amekaa kwenye gogo pamoja na wazee. Akavua kofia.

Mkaguzi aliisoma kimya mpaka mwisho, akanitazama, akampa Biubwa, akamwonyesha mstari. Mwanangu akaishika kwa mikono miwili. Sikuweza kumsaidia hata kwa jicho, nikatazama chini.

"Na huyo mtoto," akasoma. Hayo alikuwa nayo. "Wa..." Akasimama. KIUME hatukuwahi kulisuka. Nikaona midomo yake inakwenda. Kila barua ya Matano inaisha na *mume wako*, na MUME alikuwa nalo. Akaliona limo mle ndani. "Ki... ume. Wa kiume. Au wa..." Akasimama tena, akatafuta MKE. "Kike! Wa kiume au wa kike. Mimi nataka..."

Likabaki neno moja. Akalitazama. Akalitazama sana. Katika barua zote sita Matano aliliandika mara hiyo moja tu, kwa hiyo halikuwa kwenye mkeka wala kwenye kigae. Biubwa akaanza kutetemeka kidevu, nami nikajua namna mtoto anavyochukuliwa mikononi mwa mama yake.

"Asome."

Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa ya Mzee Shomari. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, hajaisogelea barua hata hatua moja.

"Neno hilo ni asome," akasema. "Mimi nataka asome. Nalijua kwa sababu nililiruka."

Mwinjuma alimgeukia. "Uliruka?"

"Niliruka."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umekaa mbele yangu, Mwinjuma, na mimi nalima kwako. Nilijua usingelipenda. Nikasema moyoni, mstari mmoja, nani atajua?" Akanielekezea mkono. "Akajua huyu."

Mwalimu Adamu akafuta jasho. "Hata hivyo, bwana, neno la mwisho ameambiwa. Mstari haukutimia."

"Sijamaliza," akasema Biubwa.

Wote tukamtazama. Alikuwa bado ameishika barua, kidevu kimetulia. Akashusha kidole mpaka chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, na akasoma bila kusimama hata mara moja: "Salamu kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mume wako, Matano."

Jina la baba yake lilitoka kinywani mwake kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakuwahi kumwona.

Mkaguzi akamuuliza Mwalimu, "Ulisema mstari mmoja?"

"Nilisema, bwana." Akachukua kalamu. Nitampa haki yake: hakujaribu tena kukwepa. Ila aliuliza kama inavyotakiwa, "Mlezi wake anakubali?"

Macho yote kwa Mwinjuma. Sheikh Mwishehe, ambaye hata sikujua kama amefika, akasema kutoka kivulini, "Marehemu ameusia, Mwinjuma. Wasia wa kaka yako umekufikia leo. Miaka saba hukuwa na hatia, kwa sababu hukusikia. Kuanzia sasa umesikia."

Mwinjuma akaitazama ile barua mikononi mwa Biubwa. Nilizoea kumwona mkubwa, leo nikaona ni mtu aliyempenda kaka yake na aliyesomewa nusu ya barua. Akaweka kikapu chini. "Mwandike," akasema. "Kaka yangu amesema."

Zubeda hakungoja. Akamsukuma Swaumu mbele. "Na wangu! Barua ziko sita!"

Wameandikwa watatu. Wawili walikosa, wamelia, nami nimemwambia Mwalimu Adamu nitawarudisha Januari na atawaandika. Akasema, "Naamini, Bi Mwanahalima." Akaniuliza kama ningekuja kumwonyesha namna ya zile kili. Nikamwambia nitafikiri. Acha naye angoje kidogo.

Alhamisi, 1 Juni

Nimelala mpaka jua la saa tatu.

Jumapili, 4 Juni

Mzee Shomari kaja na kuku mkononi. "Nilikula wako sita," kasema, "na nilikupa barua tano na nusu." Nimempokea kuku. Sikusema nimesamehe. Nilisema shikamoo, na safari hii nusu yake ilitoka moyoni.

Jumapili, 11 Juni

Anga jeupe. Masika yamekwisha.

Leo jioni, kabla ya magharibi, shemeji Mwinjuma kaja. Biubwa alimkimbilia akamuuliza kanga yake iko wapi, nikamfinya. Mwinjuma akajifanya hakusikia. Alikuwa na furushi kwapani. Akakaa kwenye jamvi, akalifungua: barua tisa za mwanawe anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam, za miaka mitatu, zote zimekwisha kusomwa.

"Na Shomari," akasema.

Sikumcheka. Nilikuwa na vya kumcheka tele, lakini nilimtazama anavyozinyoosha moja moja juu ya goti lake, nikakumbuka eda yangu. Nikamwita Biubwa akae katikati yetu. Yale anayoyajua asome yeye, na mengine nitasoma mimi.

Biubwa akachukua ya kwanza, akaweka kidole. "Salamu nyingi sana."

"Taratibu, mwanangu," akasema Mwinjuma, akasogea karibu. "Na msiruke."